Wanja usio na ngano: macho yangu yalivyokaribia kunikosesha ndoa Bukoba enzi za ujamaa

Wakuu, najua wengi humu ni umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo naanza na marahaba kabla hamjanipa shikamoo.

Juzi binti mmoja kaanzisha uzi humu akiuliza atapata wapi mascara na eyeliner zisizo na gluten, ile protini ya ngano, maana ana celiac, ugonjwa wa mwili kuikataa, na ngozi ya macho yake haitaki mchezo. Nimesoma comments zote. Mmoja kamwambia hayo ni magonjwa ya wazungu. Mwingine kamwambia aache kujipodoa, asali zaidi. Wa tatu kaomba namba yake.

Swali lake halijajibiwa mpaka leo. Nimekasirika, ndiyo maana naandika.

Haya yalinipata mimi, kwenye macho haya haya ninayosomea comments zenu. Picha sina, vyeti sina, na anayeona ni chai anywe taratibu isimuunguze. Ni ndefu kidogo.

Tuanze.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Naishi Kibeta, Bukoba mjini, lakini nimezaliwa Kishanda, Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Uhuru ulinikuta ndiyo kwanza nimeanza kusoma.

Nyumbani tulikula ndizi. Mchana ndizi na maharage, jioni ndizi na kilichobaki cha mchana, sikukuu ndizi na nyama. Ngano pekee niliyoijua ilikuwa ya komunyo, na hata hiyo nilikuwa bado sijaipokea. Nilikuwa mtoto mwenye afya, mkorofi, mwenye nyusi nene. Hizo nyusi zikumbukeni, ndizo habari yenyewe.

Nikafaulu kwenda shule ya bweni ya wasichana. Huko asubuhi tulikunywa uji wa bulga, ile ngano iliyovunjwavunjwa iliyokuwa ikija na misaada. Jumapili tulipata mkate. Wenzangu walinawiri mpaka sare zikawabana.

Mimi nilikonda. Tumbo lilijaa kama ngoma, chooni nilikuwa sitoki, viwiko vikatoka malengelenge. Halafu nyusi zikaanza kudondoka. Naamka asubuhi nazikuta kwenye shuka. Kope nazo zikafuata.

Likizo nikirudi Kishanda, wiki tatu za ndizi, napona. Nikirudi shule, tunaanza upya. Mawe, yaani mama yangu, ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kihaya, alisema shule imenikataa. Majirani wakasema nimerogwa kwa sababu ya kusoma. Nilikuwa wa kwanza darasani, kwa hiyo hilo la kurogwa nililipenda kidogo.

Aliyenitoa huko ni sista mmoja mzee, mzungu, aliyekuwa kwenye zahanati ya misheni. Aliniuliza habari za choo mpaka nikainamisha uso. Kisha akauliza, "Na nyumbani unakula nini?"

"Ndizi, Sista."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akavua miwani akacheka peke yake. Akaniambia kwamba zamani kwao, watoto wenye tumbo kama langu walikuwa wanapewa ndizi zilizotoka mbali kwa meli, na kwamba baadaye ndipo waganga wao walipogundua kuwa mbaya ni ngano. "Wewe umezaliwa ndani ya dawa," alisema, "wakakutoa humo kukuleta shule."

Akaandika barua kwa mkuu wa shule kwamba nisipewe ngano kabisa. Jina la ugonjwa alilitaja, sikulishika. Nilishika neno moja: usile.

Wakuu, lile neno "usile" lilikuja kuniponza, mtaona.

Tumbo lilipona, mwili ukarudi. Kope zilirudi chache, za kuhesabika. Nyusi hazikurudi mpaka leo.

Sasa jiwekeni mahali pangu. Msichana wa miaka kumi na saba, hana nyusi. Ninyi mnaonyoa za kwenu kwa hiari na kuchora nyingine hamwezi kunielewa vizuri. Zamani zile ukikosa nyusi watu walihesabu magonjwa yote wanayoyajua, na waliyajua mengi.

Nikajifunza wanja. Ulikuwepo wa kijiti kwenye maduka ya mjini. Niliamka kabla ya wenzangu, nikachora, nikatoka na uso mzima. Nilipomaliza chuo cha ualimu na kupangiwa shule Bukoba mjini, hakuna mtu aliyejua isipokuwa Mawe.

Mwalimu mkuu wetu alinisema mara moja. Alisema wanja ni kasumba ya kibepari, mwalimu wa nchi ya ujamaa anatakiwa kuonekana na jembe. Nikamwambia jembe ninalo na wanja ninao. Shamba la shule nililima kuliko yeye, na hakurudia tena.

Nilipanga chumba kwa Bi Zuhura. Huyu alikuwa Mwislamu wa hapo hapo mjini, mjane, wazazi wake walitoka pwani zamani. Alikuwa anapika maandazi ya kuuza kila asubuhi. Nilipomweleza habari ya ngano, aliielewa kuliko madaktari kadhaa niliowahi kukutana nao. Sufuria yangu akaitenga. Mwiko wangu akaufunga uzi mwekundu. Hata mtu asiyejua akichovya andazi kwenye kikombe changu, Bi Zuhura alikitoa kwenye kabati langu, sikukiona tena.

Hivyo nilimwamini Bi Zuhura kwa mdomo wangu wote.

Kisha madukani vitu vikaisha. Waliokuwepo wanakumbuka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, wanja hata foleni yake haikuwepo. Nilikuwa nimebakiwa na kipande cha kijiti kama kucha.

Bi Zuhura akacheka. "Mwanangu, wanja wa dukani wa nini? Mimi hutengeneza mwenyewe."

Na kweli, wanawake wa mtaa walikuwa wanauchukua kwake sikukuu na harusi zilipofika. Mweusi tii, unashika, hautoki kwa jasho. Nilipochora mara ya kwanza nilijiona kwenye kioo nikasema, kumbe kwa ule wa dukani nilikuwa naonewa.

Siku ya tatu kope za macho zikaanza kuwasha. Wiki ya pili zikavimba, zikawa zinabanduka magamba, machozi yanatiririka meusi mpaka mdomoni. Nafuta kwa vidole, vidole hivyo hivyo naendelea kula. Na tumbo langu lililotulia miaka yote likaanza kunguruma upya.

Nikadhani ni mafuta ya nyonyo yaliyokuwa ndani ya wanja. Bi Zuhura akabadilisha, akatia samli. Hali ile ile. Nikadhani ni vumbi la chaki. Nikaandika ubaoni nimejifunga kitambaa usoni, wanafunzi wakanicheka muhula mzima. Hali ile ile.

Katikati ya hayo ndipo posa ikaja.

Mchumba wangu aliitwa Deo, dereva wa lori la kahawa, mtu wa Nshambya, hapo hapo Bukoba. Mpole, mchekeshaji, anayeendesha gari kana kwamba amebeba mayai. Mama yake alifariki yeye hajajua kutembea, na baba naye baadaye. Aliyemlea ni shangazi yake, dada wa baba. Kwa Wahaya shangazi ana sauti kubwa kwenye ndoa hata wazazi wakiwepo. Hapo wazazi hawapo. Kwa hiyo alikuwa ndiye kila kitu.

Shangazi alikuja Kishanda na wazee wawili. Mawe akawapokea, "Nyegera waitu," yaani karibuni, wakapewa akamwani, zile kahawa za kutafuna tunazompa mgeni. Nikaitwa kusalimia. Kwetu msichana anasalimia amepiga magoti, kwa hiyo uso wangu ulikuwa mbele ya uso wa shangazi kabisa.

Aliniangalia muda mrefu. Macho yangu yalikuwa kama ya mtu aliyepigana na nyuki. Alikula vizuri, akashukuru vizuri, akaondoka.

Baada ya wiki moja Deo alikuja shuleni kwangu, amesimama getini ameshika kofia.

"Shangazi anasema tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Macho."

Kisha akanieleza yote, maana Deo hakujua kuficha. Mama yake aliolewa akiwa mgonjwa, na ukoo wa baba yake wakafichwa. Shangazi ndiye aliyemuuguza wifi yake mpaka mwisho, akabaki na mtoto mgongoni. Aliapa hataingiza mgonjwa mwingine kwenye ukoo. Alimwambia Deo: nampa mpaka msimu wa kahawa uishe. Akipona, nitapeleka pombe ya posa mwenyewe. Asipopona, tafuta kwingine.

Wakuu, niliumia. Ila sikuweza kumchukia yule mama. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Niliacha wanja. Siku kumi, macho yakapona, ngozi ikarudi laini. Mtasema basi tatizo limekwisha. Halikwisha. Sasa nilikuwa na macho mazima na sina nyusi. Kwenda shuleni nilishusha kilemba mpaka karibu na pua. Mtu aliyeapa kutoingiza mgonjwa, ukimpelekea mkwe asiye na nyusi, atasema nini?

Nikiwa na nyusi sina macho, nikiwa na macho sina nyusi. Na kahawa ilikuwa inaanza kuiva.

Nikakaa chini nikafikiri kama mwalimu. Nikapaka ule wanja mkononi, upande wa ndani karibu na kiwiko, nikafunga kitambaa safi, nikaacha siku nzima. Mkono wa pili nikapaka samli tupu. Kesho yake mkono wa samli ulikuwa mzima. Mkono wa wanja ulikuwa na malengelenge yale yale ya shule ya bweni.

Malengelenge yale nilikuwa sijayaona kwa miaka tisa. Nilijua yanatokana na kitu kimoja tu duniani. Lakini ngano machoni imefikaje?

Nikamfuata Bi Zuhura jikoni. "Nionyeshe unavyoutengeneza."

Akakataa. "Wanja huu kaniachia mama yangu, naye kaachiwa na mamake. Siri yake haitoki nje ya nyumba."

"Na mimi nakaa nyumba gani, Bi Zuhura?"

Akafikiri kidogo. "Haya. Funga mlango."

Aliwasha utambi wa pamba kwenye kibakuli cha mafuta, akafunika juu yake chungu kidogo kilichoinuliwa kwa vijiwe. Masizi yakajikusanya kwenye chungu. Akayakwangua kwa unyoya wa kuku, akayakusanya kwenye kisahani, akatia samli, akakoroga kwa njiti. Hapo ulikuwa wanja, lakini laini mno, unaelea.

"Huu ukipaka hivi utachuruzika mpaka kidevuni," akasema. "Sasa tazama siri."

Akanyoosha mkono rafuni, akashusha kopo la unga wake wa maandazi. Akachota kwa vidole viwili. Akaweka kwenye kijiko, akapitisha juu ya moto mpaka ukageuka rangi ya kahawa, akaumimina kwenye wanja.

Nilimshika mkono. Aliniangalia, akaangalia kijiko, akaangalia kopo. Nikaona anaelewa polepole, kama mtu anayesoma barua mbaya.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimekulisha kwa jicho."

Akakaa kwenye kibao cha mbuzi akalia. Mwanamke aliyefunga mwiko wangu uzi mwekundu. Mimi nikacheka, sikuweza kujizuia. Miezi minne nilikuwa nadhani mwili wangu umenigeuka, kumbe ni kopo la rafuni.

Mnaona kosa letu? Sista alisema usile. Mimi nilimwambia Bi Zuhura nisile. Wote wawili tulilinda sufuria, mwiko, kikombe. Wanja hauliwi, kwa hiyo haikutujia hata siku moja kuuliza mna nini ndani yake. Tungekuwa wazembe tungegundua mapema, maana nilipougua tungeshuku ngano mara moja. Tulikuwa waangalifu mno jikoni.

Wataalamu msinirukie. Miaka mingi baadaye daktari mmoja Mwanza ndiye aliyenipima vizuri na kunipa jina la celiac. Akanieleza kwamba gluten ya kwenye ngozi haipenyi ikafika tumboni. Inayoleta taabu ni ile inayofika mdomoni, kwa machozi, kwa vidole, kwa midomo. Kuvimba kwa ngozi yenyewe ni jambo jingine, ngozi inakataa ngano kivyake, wengine wanalo na wengine hawana. Mimi nilijaliwa yote mawili.

Turudi Bukoba.

Bi Zuhura alitaka kutengeneza mwingine pale pale, bila unga. Nikamkatalia. Nyumba yake ilikuwa ya maandazi. Unga ulikuwa kwenye rafu, kwenye kibao, kwenye nyufa za meza, kwenye kanga zake. Nikajiuliza ni nyumba gani ninayoijua ambayo ngano haijawahi kuingia.

Jibu lilikuwa Kishanda. Nyumba ya Mawe. Miaka yote nilikuwa naona haya kidogo kwamba kwetu hatunywi chai na mkate kama watu wa mjini. Siku hiyo nilijivunia.

Nikapanga na Bi Zuhura aje Jumamosi. Nikampa sharti moja: "Njoo mikono mitupu. Utambi tutasokota kwetu, mafuta yapo, samli ipo. Usilete kitu."

Akasema ameelewa.

Jumamosi nikampokea Muleba barabarani. Anashuka na kikapu kimefunikwa kitambaa cheupe.

"Bi Zuhura, hicho nini?"

Akatazama pembeni. "Sikuweza, mwanangu. Niingie kwa mama yako mara ya kwanza mikono inaning'inia? Ataniona sina kwetu."

Ndani kulikuwa na maandazi. Thelathini, ya asubuhi hiyo hiyo.

Mimi nikataka kuyaacha barabarani. Yeye akayakumbatia. Tukaenda hivyo hivyo, mimi mbele nimekasirika, yeye nyuma na kikapu chake.

Na Mawe naye, kwa desturi yetu, hawezi kukataa zawadi ya mgeni. Nilikuwa nimeshamweleza kila kitu, alijua ngano ndiyo adui. Alitoka mpaka uani, akapiga magoti, akapokea kikapu kwa mikono miwili, akashukuru sana kwa Kihaya. Kisha, bila kugeuka, bila kuvuka kizingiti, akapita nacho moja kwa moja migombani mpaka kwa jirani. Akarudi na kikapu kile kile amekijaza ndizi mbivu. Zawadi imepokelewa, imerudishiwa, na ngano haijaingia ndani.

Sijawahi kuona diplomasia kama ile, na nimehudhuria vikao vingi vya chama.

Halafu akaleta maji na majivu. Akaniambia, "Mwambie bojo," yaani mpendwa wetu, "avue nguo zake, na aoge."

Bi Zuhura, mtu mzima, akapelekwa nyuma ya nyumba akaoga, akasugua kucha kwa majivu, akatoka amevaa gauni la Mawe lililomfika magotini. Alisema hata alipoolewa hakusafishwa namna ile. Wale wamama wawili hawakuwa na lugha moja ya kutosha, lakini walicheka mpaka wakashikana mabega.

Tukatengeneza. Utambi mpya, chungu kipya, unyoya mpya. Masizi safi, samli ya ng'ombe wetu. Ukawa mweusi kama ule wa kwanza. Ila bila unga ulichuruzika, kama alivyosema. Tukajaribu mara tatu. Mara ya tatu Bi Zuhura akakata tamaa.

Mawe alikuwa ameketi anatutazama. Akauliza kwa Kihaya, "Kwa nini msitie nta?"

Tulikuwa na mizinga miwili migombani tangu nizaliwe. Akaleta donge la nta, akalikata kipande kidogo kama punje ya mahindi, tukakiyeyusha na samli, tukakoroga masizi. Ulipopoa ulikuwa umeganda vizuri. Ukigusa kwa njiti unachukuliwa, ukipaka unakaa.

Nikaupaka mkononi siku nzima. Mkono mzima. Nikapaka kope ya jicho moja siku nzima. Jicho zima.

Bado mtihani mmoja. Kwetu bibi harusi lazima alie anapoondoka kwao, asipolia watasema alikuwa anahesabu siku. Kwa hiyo Bi Zuhura akakaa mbele yangu akakata vitunguu vinne chini ya pua yangu. Nililia nusu saa, Mawe anasimamia kama mtahini. Wanja haukusogea.

Nikampelekea Deo habari: mwambie shangazi macho yamepona.

Shangazi alikubali, kwa sharti. Ndoa ifungwe, lakini yeye ataniangalia mwenyewe siku ya kutolewa nje, baada ya siku za bibi harusi kukaa ndani, na akikuta amedanganywa atasema mbele ya wote. Alileta pombe mwenyewe kama alivyoahidi. Msimu ulikuwa umebakiza siku chache.

Nikaolewa. Mtakaouliza kuhusu komunyo, padri alinipa divai peke yake, tulishazungumza naye. Nililia kutoka Kishanda mpaka lori la Deo lilipofika barabara kubwa, na hapo sikuhitaji vitunguu.

Nshambya nikakaa ndani siku zile ambazo bibi harusi hukaa ndani, nalishwa na kupakwa samli. Kila asubuhi nilichora nyusi kabla mtu hajaingia.

Siku ya kutolewa nikaketishwa kwenye mkeka mpya, wanawake wa ukoo wamejaa chumba. Shangazi akaja na bakuli la maji ya vuguvugu na kitambaa.

Nilidhani ataangalia. Sikujua kwamba atafuta.

Akafuta kwa maji, haukutoka. Nta haitoki kwa maji. Akatazama kitambaa, akanitazama mimi, akaagiza samli. Akachovya ncha ya kitambaa, akafuta taratibu, jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha juu.

Nilikuwa nimekaa mbele ya wanawake kumi na tano na uso wangu wenyewe, kwa mara ya kwanza tangu shule.

Shangazi akasema, "Nyusi ziko wapi?"

Nilikuwa nimetunga uongo mwingi kwa ajili ya swali hilo. Siku hiyo nilichoka nao wote.

"Zilidondoka nikiwa mtoto wa shule, shangazi. Nililishwa ngano na mwili wangu hauitaki. Nikaacha, nikapona, nyusi hazikurudi. Macho uliyoyaona Kishanda yalivimba kwa sababu wanja ulitiwa unga. Huu hauna. Hayo ndiyo yote, hakuna jingine ninaloficha."

Akakikunja kitambaa. "Na ukizaa, mtoto akiwa kama wewe?"

"Atakula ndizi."

Mama mmoja nyuma alicheka, wengine wakamfuata. Shangazi hakucheka. Nikaona nikingoja hukumu nitazimia, heri mikono ifanye kazi. Nikatoa kijikopo changu kwenye kanga, nikachukua njiti, nikaanza kuchora pale pale, mbele yao, bila kioo. Ya kulia ikakaa. Ya kushoto nikaimaliza haraka.

Shangazi akainama karibu, akakunja jicho moja.

"Kushoto umeifanya fupi," akasema.

Akachukua njiti mkononi mwangu, akanishika kidevu, akaiongeza mwenyewe.

Nililia, wakuu. Yeye akaendelea kuchora, akaniambia nitulie nisimharibie kazi.

Huo ndio ushuhuda wangu. Binti uliyeuliza, sasa majibu yako.

Usitishwe na anayekwambia unadeka. Soma label nyuma, ngano hujificha kwa jina la triticum na shayiri, nayo ina gluten, kwa jina la hordeum. Isipoeleweka waandikie watengenezaji uwaulize na mashine zao zinapitisha nini kingine. Kipya chochote kaa nacho mkononi siku nzima kabla hakijafika jichoni. Usiazime mascara ya mtu, na usimwazime yako aliyetoka kula chapati.

Na zaidi ya hapo, usimwambie mtu "siwezi kula ngano" ukaishia hapo. Mwambie "ngano isinifikie". Mimi neno moja pungufu lilikaribia kunikosesha nyumba niliyoishi humo miaka arobaini na mbili na Deo.

Aliyesema ni magonjwa ya wazungu, karibu uniambie mimi ni mzungu wa ukoo gani pale Kishanda.

Wenye celiac mliokaa kimya humu, semeni mnatumia nini machoni na kimewakaaje, binti anasoma. Wenye ubishi nao waje. Nimestaafu, muda ninao.